Mlango, Shingo na Mji: Vitawe Vinavyounganisha Ramani na Mwili

Utangulizi

Soma sentensi hizi tatu kwa makini kabla ya kuendelea:

(a) Nahodha aliiongoza meli polepole hadi ikaupita mlango huo salama.
(b) Daktari aliuchunguza mlango huo, akaandika matokeo kwenye kadi ya mama.
(c) Mlango huo una wazee wanne na vijana wengi.

Neno ni lilelile, *mlango*. Ngeli ni ileile, U-I. Hata hivyo, mwanafunzi anayeujua mlango wa nyumba peke yake atakwama katika sentensi zote tatu. Meli inapitaje mlangoni? Daktari ana kazi gani na mbao na bawaba? Na mlango wenye wazee ni mlango gani?

Jiografia na Biolojia unazisoma kwa Kiingereza. Ndiyo maana watahiniwa wengi huyajua mambo yenyewe barabara, lakini wakiyakuta kwa Kiswahili katika kifungu cha ufahamu au ufupisho hubabaika. Katika makala hii tutayachunguza maneno machache ya kawaida, *mlango*, *shingo*, *mji* na *rasi*, ambayo yana maana moja kwenye ramani na nyingine katika mwili. Lengo ni mambo mawili: kukuwezesha kulijibu swali la vitawe katika Karatasi ya Pili (102/2), na kukuonyesha kuwa utaratibu huohuo wa lugha ndio unaozifanya anwani za vitabu teule kuwa na uzito.

Kumbuka: vitawe, visawe na vitate

*Vitawe* ni maneno yenye tahajia na matamshi sawa lakini maana zaidi ya moja. *Visawe* ni maneno tofauti yenye maana moja au zinazokaribiana sana. *Vitate* ni maneno yanayokaribiana kimatamshi lakini yenye maana tofauti, kama *fua* na *vua*.

Vitawe vyenyewe ni vya aina mbili. Kuna vile ambavyo maana zake zina undugu: maana moja imezaa nyingine, na ukichunguza utaona kinachoziunganisha. Hali hii wanaisimu huiita *polisemia*. Kuna pia vile ambavyo maana zake zimekutana tu katika umbo moja bila uhusiano wowote. Hiyo huitwa *homonimia*. Tutaanza na aina ya kwanza.

Neno *mlango*

Zifuatazo ndizo maana kuu za neno hili:

1. *Mahali pa kuingilia na kutokea katika jengo*, au kifaa kinachopafunga. Mfano: Fundi alitia bawaba mpya na sasa mlango unafungika vizuri.

2. *Mlango wa bahari*. Huu ni mkono mwembamba wa maji unaounganisha bahari mbili na kuzitenganisha nchi kavu mbili. Mlango wa bahari wa Gibraltar uko kati ya Uhispania na Moroko. Unaiunganisha bahari ya Mediterania na Atlantiki, na mahali pake pembamba zaidi hapafiki kilomita 15. Mlango wa bahari wa Hormuz, kati ya Iran na Oman, ndiko yanakopita mafuta mengi yatokayo Ghuba ya Uajemi. Bosporus, ambao mji wa Istanbul umekaa pande zake zote mbili, mahali pengine una upana wa takriban mita 700 tu.

3. *Mlango wa kizazi*. Hii ni sehemu nyembamba ya chini ya mfuko wa uzazi wa mwanamke, inayouunganisha mfuko huo na uke. Mtoto anapozaliwa kwa njia ya kawaida, hapo ndipo anapopita.

4. *Milango ya fahamu*. Ni macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ni viungo ambavyo kupitia kwavyo habari za ulimwengu huingia akilini.

5. *Ukoo au tawi la kabila*. Mfano: Wanakijiji hawa wote ni wa mlango mmoja. Hii ndiyo maana ya sentensi (c) pale juu.

6. *Sura ya kitabu*. Matumizi haya yamo katika vitabu vya zamani. Siku hizi tunasema *sura*.

Je, maana hizi sita zina undugu? Jiulize kazi ya mlango wa nyumba ni ipi. Kuna nafasi mbili, nje na ndani, na kati yake pana mahali pembamba pa kupitia. Sasa ziangalie nyingine. Mlango wa bahari: bahari mbili na njia nyembamba kati yake. Mlango wa kizazi: mfuko wa uzazi upande mmoja, uke upande wa pili, na njia nyembamba kati yake. Milango ya fahamu: ulimwengu nje, akili ndani, na viungo vya kupitishia. Mlango wa ukoo: watu waliotokea nyumba moja. Mlango wa kitabu: pa kuingilia katika sehemu ya maandishi. Kiini ni kimoja, *mahali pa kupitia kati ya nafasi mbili*. Mlango ni kitawe cha aina ya kwanza.

Si Kiswahili peke yake kilichopita njia hii. Katika Kiarabu, neno *bab* ni mlango wa nyumba na pia ni sura ya kitabu. Neno hilohilo limo katika jina la mlango wa bahari unaozitenganisha Yemen na nchi za Jibuti na Eritrea, yaani Bab-el-Mandeb. Jina hilo hufasiriwa kuwa Mlango wa Machozi. Mlango huo, wenye upana wa takriban kilomita 30, unaiunganisha Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Meli inayotoka Mediterania kuja Mombasa kupitia Mfereji wa Suez haina budi kuupita.

*Zingatia:* Udogo wa mlango ni *kilango* au *kijilango*, na ukubwa wake ni *lango*. Lango nalo lina maana zake, kama lango la shule na lango la uwanja wa soka linalolindwa na mlinda lango. Ukiulizwa maana za *mlango*, usitoe maana za *lango*. Tena, Nairobi kuna mtaa unaoitwa Mlango Kubwa. Hilo ni jina la mahali, liache jinsi lilivyo. Katika sentensi yako, upatanisho sahihi ni *mlango mkubwa*.

Neno *shingo*

Shingo ni sehemu ya mwili inayokiunganisha kichwa na kiwiliwili. Kwa kuwa ni nyembamba na imebanwa kati ya sehemu mbili nene, jina lake limekopeshwa vitu vingi vyenye umbo hilo, kwa mfano shingo ya chupa.

Katika jiografia, *shingo ya nchi* ni ukanda mwembamba wa ardhi unaoziunganisha nchi kavu mbili kubwa, huku pande zake mbili zikiwa na maji. Shingo ya nchi ya Panama inaziunganisha Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini. Shingo ya nchi ya Suez inaziunganisha Afrika na Asia. Zote mbili zilikatwa na binadamu ili meli zipite. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869 na wa Panama mwaka 1914. Angalia kwamba njia hizo za maji haziitwi milango ya bahari. Huitwa mifereji kwa sababu zimechimbwa. Mlango wa bahari ni wa maumbile.

Katika mwili, ile sehemu tuliyoiita mlango wa kizazi huitwa pia *shingo ya kizazi*. Huenda ukayaona majina yote mawili katika mabango ya hospitali na magazetini. Kiungo ni kimoja.

Hapa ndipo penye jambo la kukaza macho. Linganisha:

- *Kwenye ramani*, mlango ni maji kati ya nchi kavu mbili, na shingo ni nchi kavu kati ya maji mawili. Ni vitu viwili vinavyopingana.
- *Katika mwili*, mlango wa kizazi na shingo ya kizazi ni kitu kimoja. Ni visawe.

Inawezekanaje maneno mawili yapingane mahali pamoja na kulingana mahali pengine? Jibu limo katika jinsi watu wanavyoviita vitu. Kuna jina linalotokana na *kazi* na jina linalotokana na *umbo*. Aliyesema *mlango* alitazama kazi: hapa hupitwa. Aliyesema *shingo* alitazama umbo: hapa pamebanwa kati ya sehemu mbili nene. Kiungo hicho cha uzazi kina sifa zote mbili. Ni chembamba na kinapitisha, kwa hivyo majina yote mawili yanakifaa. Kwenye ramani, sifa hizo zimegawanyika. Baharini kuna chembamba cha kupitisha meli, na nchi kavu kuna chembamba cha kuunganisha ardhi.

Madaktari wa Ulaya nao walilitazama umbo. Kiungo hicho walikiita *cervix*, neno la Kilatini ambalo maana yake ni shingo.

*Zingatia:* Shingo iko katika ngeli ya I-ZI (shingo ndefu, shingo zao). Kumbuka pia misemo yake. *Kufanya jambo shingo upande* ni kulifanya bila kupenda, na *kushupaza shingo* ni kukaidi. Maana ya msemo si mojawapo ya maana za neno. Usiitumie kujibu swali la vitawe ila umeambiwa hivyo.

Neno *mji*

Kila mwanafunzi anajua kwamba Kisumu ni mji. Wachache wanakumbuka maana hizi mbili:

1. *Mji wa mimba*: mfuko wa uzazi, mahali mtoto anapokaa kabla ya kuzaliwa.
2. *Mji wa kanga*: sehemu ya katikati ya kanga, iliyozungukwa na pindo.

Kiini chake nacho kinaonekana. Mji ni mahali pa katikati, penye kukaliwa au kuzungushiwa mpaka. Miji ya kale ya pwani ilikuwa na kuta. Magofu ya Gede, karibu na Malindi, bado yanaonyesha ukuta wa nje na ukuta wa ndani. Kanga ina pindo badala ya ukuta. Mimba ina nyama za mfuko wa uzazi. Ukizungushia mji ukuta, lazima uweke mlango. Si ajabu basi kwamba lugha iliyouita mfuko wa uzazi *mji* imepaita pa kutokea pake *mlango*. Picha ni moja.

Jihadhari pia na neno *kizazi* lenyewe. Lina maana ya mfuko wa uzazi, na pia watu wa rika au zama moja, kama katika *kizazi cha leo hakipendi kungoja*. Katika *mlango wa kizazi*, maana ni ile ya kwanza.

Neno *rasi*: kichwa kilichojificha

Rasi ni ncha ya nchi kavu iliyojitokeza baharini. Katika pwani ya Kenya tuna Ras Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ukilitazama kwa Kiswahili pekee, neno hili halina habari ya mwili. Lakini limetoka katika Kiarabu *ra's*, ambalo maana yake ni kichwa. Rasi ni kichwa cha nchi kilichochungulia majini. Kichwa hichohicho kimo ndani ya neno *rasilimali*, linalotokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya kichwa cha mali, yaani mali ya kuanzia.

Rasi na mlango hukutana katika habari za dunia. Mwishoni mwa 2023, meli zilipokuwa zikishambuliwa katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi za meli ziliacha kuupita mlango wa Bab-el-Mandeb na kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Safari ikarefuka na gharama ikapanda. Msomaji asiyejua mlango wa bahari ni nini wala rasi ni nini hawezi kuieleza habari hiyo, hata kama kila neno lililoandikwa analitambua.

Si kila kitawe kina undugu

Chukua neno *mto*. Mto Tana unatiririka hadi Bahari Hindi. Mto wa kulalia uko kitandani. Maana hizi hazizaliani. Hakuna kiini cha kuziunganisha. Neno *paa* nalo ni sehemu ya juu ya nyumba, ni mnyama wa mwituni, na ni kitenzi chenye maana ya kwenda juu angani. Paa la nyumba na paa mnyama hawana undugu.

Wanafunzi wengine huamua kwa kutazama ngeli. Njia hiyo husaidia, lakini haitoshi. Kwa *paa* inafaa: paa la nyumba liko LI-YA (paa limevuja), mnyama yuko A-WA (paa amekimbia), hivyo tofauti inajitokeza mara moja. Kwa *mto* inashindwa, kwa sababu mto wa maji na mto wa kulalia vyote viko U-I: *mto umefurika, mto umechanika*. Kwa hivyo tumia maswali haya mawili kwa mpangilio:

1. Je, ngeli au aina ya neno inabadilika? Ikibadilika, huenda maana hazina undugu.
2. Je, ninaweza kutaja kiini kimoja kinachoingia katika maana zote bila kulazimisha? Nikiweza, ni polisemia. Nisipoweza, ni homonimia.

Swali la pili ndilo lenye uamuzi.

Kazi ya A-unganifu

Je, msomaji anajuaje ni maana ipi iliyokusudiwa? Mara nyingi jibu limo katika maneno mawili yanayofuata: *mlango wa bahari*, *mlango wa kizazi*, *shingo ya nchi*, *mji wa mimba*. Kihusishi cha A-unganifu pamoja na nomino yake hufanya kazi ya ufunguo. Hulifungua neno upande mmoja na kulifunga pande nyingine zote.

Sasa tazama anwani za vitabu teule ambavyo wanafunzi wa kidato cha nne wamevisoma miaka ya hivi karibuni: *Chozi la Heri* (Assumpta Matei), *Bembea ya Maisha* (Timothy Arege) na *Mapambazuko ya Machweo*. Zote tatu zina muundo uleule: nomino, A-unganifu, nomino. Tofauti ni hii. Katika *mlango wa bahari*, nomino ya pili inabana maana ili msomaji asipotee. Katika anwani za fasihi, nomino ya pili inaipa ya kwanza maana ambayo hukuitazamia.

Chozi ukiliacha peke yake hukupeleka kwenye huzuni. Likiongezwa *la heri*, msomaji analazimika kutafuta riwayani ni wapi machozi yanapokuwa ya furaha, kwa mfano pale Umu anapokutana tena na nduguze. Bembea ni ya watoto kuchezea, lakini ikiwa *ya maisha*, inakuwa jazanda ya kupanda na kushuka kwa hali za wanadamu, kama inavyodhihirika katika aila ya Sara na Yona. *Mapambazuko* ni kuanza kwa siku na *machweo* ni kumalizika kwake. A-unganifu imeviunganisha vinavyopingana, na ukinzani huo ndio unaomfanya msomaji afikiri.

Kwa hivyo ukiulizwa katika Karatasi ya Tatu ueleze ufaafu wa anwani, usikimbilie kuisimulia hadithi. Anza na maana ya kawaida ya nomino ya kwanza, eleza jinsi nomino ya pili inavyoigeuza, kisha toa matukio yanayoithibitisha maana hiyo mpya.

*Milango ya fahamu* nayo ina faida katika fasihi. Taswira hugawanywa kulingana na milango hiyo: tunachokiona, tunachokisikia, tunachokinusa, tunachokionja na tunachokigusa. Ukiombwa ubainishe taswira katika shairi, pitia milango mitano mmoja baada ya mwingine. Hutaisahau hata moja.

Maana inapohusu uhai

Mtihani si mahali pekee ambapo maana ya neno ina thamani. Oktoba 2019, Kenya ilianza kutoa chanjo ya virusi vya HPV katika mpango wa kawaida wa chanjo, ikiwalenga wasichana wa miaka 10. Virusi hivyo ndivyo chanzo cha takriban visa vyote vya saratani ya mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani limeweka malengo ya kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya wanaopatikana na ugonjwa watibiwe.

Sasa mfikirie mama anayesikia redioni maneno *mlango wa kizazi*. Kama mlango kwake ni kitu cha nje, kinachoonekana, anaweza kudhani kwamba asipoona kasoro yoyote basi hana haja ya kupimwa. Kumbe mlango huu uko ndani, na ugonjwa wake unaweza kukaa muda mrefu bila dalili. Ndiyo maana kipimo kinahitajika hata kwa mtu anayejiona mzima. Vilevile, anayesikia leo *saratani ya mlango wa kizazi* na kesho *saratani ya shingo ya kizazi* anaweza kudhani ni magonjwa mawili, au kwamba aliyopimwa si hii. Mwanafunzi anayeijua tofauti ya kitawe na kisawe anaweza kumweleza mamake au shangazi yake kwa dakika moja tu.

Jinsi ya kujibu swali la vitawe

Swali la kawaida ni hili: *Tunga sentensi mbili kudhihirisha maana mbili tofauti za neno "mlango".* (alama 2)

Makosa yanayowapotezea watahiniwa alama ni haya:

- *Sentensi isiyo na ushahidi.* "Nimeuona mlango" haidhihirishi maana yoyote. Sentensi yako lazima iwe na maneno yanayoilazimisha maana moja, kama bawaba, meli au daktari.
- *Maana moja mara mbili.* Mlango wa duka na mlango wa darasa ni maana moja. Umebadilisha jengo tu.
- *Kulibadilisha neno.* Umeulizwa *mlango*, ukatumia *lango*, au umeulizwa *paa* ukaandika *paza*.
- *Upatanisho mbovu.* "Mlango ya bahari" ni kosa la kisarufi, na kosa hilo hulipunguzia jibu lako thamani hata maana ikiwa sahihi.

Mfano wa jibu zuri:

(i) Seremala aliupaka mlango rangi ya samawati kabla ya kuutia kitasa.
(ii) Meli za mafuta hupita katika mlango wa bahari wa Hormuz kila siku.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha vitawe na visawe kwa kutumia maneno *mlango* na *shingo*. (alama 4)
2. Tunga sentensi tatu kudhihirisha maana tatu za neno *mji*. (alama 3)
3. Eleza tofauti kati ya *mlango wa bahari*, *shingo ya nchi* na *mfereji*. (alama 3)
4. Kwa nini maana mbili za neno *mto* hazichukuliwi kuwa na undugu ilhali ngeli yake ni moja? (alama 2)
5. Eleza jinsi A-unganifu inavyochangia ufaafu wa anwani ya kitabu teule kimojawapo ulichosoma. (alama 4)

Mwongozo wa majibu

1. *Mlango* ni kitawe kwa sababu lina maana kadhaa, kama mahali pa kuingilia nyumbani na mkono mwembamba wa maji. *Shingo* vilevile ni kitawe: sehemu ya mwili na ukanda mwembamba wa ardhi. *Mlango wa kizazi* na *shingo ya kizazi* ni visawe kwa sababu ni majina mawili ya kiungo kimoja.

2. (i) Mji wa Kisumu uko kando ya ziwa. (ii) Mtoto hukaa katika mji wa mimba kwa takriban miezi tisa. (iii) Mji wa kanga hii una picha ya embe na pindo lake ni jekundu. Jibu lolote jingine lenye ushahidi wa maana likubaliwe.

3. Mlango wa bahari ni maji ya maumbile kati ya nchi kavu mbili. Shingo ya nchi ni ardhi nyembamba kati ya maji mawili. Mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa na binadamu.

4. Ngeli peke yake haiamui. Hakuna kiini cha maana kinachouunganisha mto wa maji na mto wa kulalia.

5. Mtahiniwa aeleze maana ya kawaida ya nomino ya kwanza (alama 1), jinsi nomino ya pili inavyoigeuza (alama 1), na atoe matukio mawili kutoka kitabuni yanayothibitisha (alama 2).